Kishikwambi ndani ya zahanati: Je, kinamsaidia tabibu kumtibu mtoto vizuri zaidi?

Mtoto wa mwaka mmoja na nusu amefikishwa zahanati akiwa na homa ya siku mbili. Anakohoa, mwili unachemka, usiku hakulala. Tabibu anachukua tone la damu kidoleni na kupima malaria. Jibu linatoka baada ya robo saa: hana malaria. Mama anauliza swali ambalo kila mzazi angeuliza: "Sasa kama si malaria, ni nini?"

Katika zahanati nyingi za Afrika Mashariki hapo ndipo kazi ngumu inapoanza. Hakuna maabara kubwa, hakuna picha ya kifua, na nje kuna foleni. Mara nyingi jibu la swali la mama huwa ni chupa ya amoksilini.

Kwa zaidi ya miaka kumi na tano sasa, watafiti nchini Tanzania na wenzao wa nje wamekuwa wakijaribu kumsaidia tabibu huyo kwa kumpa simu au kishikwambi chenye programu inayomwongoza hatua kwa hatua. Katika makala haya tunaeleza vifaa hivyo vinafanya nini, utafiti umegundua nini, na wapi tahadhari inahitajika. Tutaona kwamba kipimo cha kweli cha kifaa cha aina hii ni hali ya mgonjwa siku kadhaa baada ya kutoka chumba cha daktari. Werevu wa programu peke yake hautoshi.

Homa nyingi si malaria, na nyingi hazihitaji antibayotiki

Kwa miaka mingi homa ya mtoto ilihesabiwa kuwa malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Vipimo vya haraka vya malaria vilipofika kwenye zahanati, mambo yalibadilika. Dawa za malaria zilipungua kwa watoto wasio na malaria, lakini pengo lililobaki likajazwa na dawa nyingine, yaani antibayotiki, dawa zinazoua bakteria.

Je, watoto hao walizihitaji? Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, ukachapishwa mwaka 2014 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, ulichunguza kwa kina watoto 1,005 waliofika kliniki wakiwa na homa. Watafiti walitumia vipimo vingi ambavyo zahanati ya kawaida haina. Waligundua kwamba asilimia 70.5 ya watoto walikuwa na ugonjwa wa virusi, asilimia 22 walikuwa na ugonjwa wa bakteria, na malaria ilikuwa kwa asilimia 10.5 tu. Wengine walikuwa na zaidi ya ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja.

Antibayotiki haziui virusi. Mtoto mwenye mafua ya virusi akipewa amoksilini atapona, lakini angepona hata bila ya dawa hiyo. Tatizo ni kwamba mtoto wa virusi na mtoto wa bakteria wanaweza kufika wakiwa na sura moja: homa, kikohozi, kukataa kula. Tabibu asiye na njia ya kuwatofautisha humpa kila mmoja dawa ili asimkose yule mmoja anayeihitaji.

Hesabu ya tabia hiyo inalipwa na jamii nzima. Kila antibayotiki inapotumika, bakteria dhaifu hufa na wale wanaoweza kuihimili hubaki na kuzaana. Huo ndio usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu, na mzigo mkubwa zaidi kwa idadi ya watu ulikuwa Afrika Kusini mwa Sahara. Dawa inayotolewa leo bila sababu inaweza kumkosa kesho mtoto mwenye nimonia ya kweli.

Kutoka kitabu cha ukutani hadi kwenye kioo

Wazo la kumpa mhudumu wa afya njia ya kufuata si geni. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani, WHO, na shirika la kuhudumia watoto la UNICEF yalitoa mwongozo wa pamoja wa kutibu magonjwa ya watoto, unaojulikana kwa herufi zake IMCI. Badala ya kuangalia ugonjwa mmoja mmoja, mhudumu anamwangalia mtoto mzima: anaweza kunyonya au kunywa? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Amelegea au hana fahamu? Hizo ni dalili za hatari. Kisha anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, ni kupumua kwa haraka.

Mwongozo huo ulipotumika vizuri ulileta tofauti. Nchini Tanzania, wilaya za Morogoro Vijijini na Rufiji zilizoutumia zililinganishwa na Kilombero na Ulanga ambazo zilikuwa hazijaanza. Katika kipindi cha miaka miwili, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zenye mwongozo.

Lakini kitabu kina udhaifu wake. Hufungwa kabatini. Kurasa zake ni nyingi, foleni ni ndefu, na kuhesabu pumzi dakika nzima huku mtoto akilia kunahitaji subira. Hatua zinarukwa. Ndipo likaja swali: je, mwongozo uleule ukiwekwa ndani ya kifaa kinachomuuliza tabibu swali moja baada ya jingine, bila kumruhusu kuruka, utafuatwa vizuri zaidi?

Jaribio moja la mapema lilifanyika mkoani Mtwara, ambapo matabibu walipewa kompyuta ndogo za mkononi zenye mwongozo wa IMCI. Ripoti yake ilitolewa mwaka 2008. Siku hizo simu zenye kioo cha kugusa zilikuwa bado adimu.

Kompyuta za kushauri matabibu zina historia ndefu zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani kilitengeneza programu iliyoitwa MYCIN, iliyomshauri daktari kuhusu antibayotiki ya kumpa mgonjwa mwenye bakteria kwenye damu. Ilipopimwa, ushauri wake ulilingana vizuri na wa mabingwa. Hata hivyo haikuwahi kutumika wodini. Mashine ilikuwa kubwa, kujibu maswali yake kulichukua muda mrefu, na hakukuwa na makubaliano kuhusu nani angewajibika ushauri ukikosea. Maswali hayo ya muda na uwajibikaji bado yapo.

Kifaa kinafanyaje kazi?

Programu za kizazi cha sasa tunazozizungumzia hapa zimejengwa kwa mti wa maamuzi. Fikiria njia inayogawanyika kila hatua. Tabibu anaingiza umri, uzito, joto la mwili na dalili. Kila jibu linafungua swali linalofuata. Mtoto anakohoa? Hesabu pumzi. Anapumua haraka? Pima oksijeni. Mwisho wa njia kuna pendekezo: mrudishe nyumbani na ushauri, mpe dawa hii kwa kipimo hiki kulingana na uzito wake, au mpe rufaa haraka.

Mti huo umeandikwa na watu kutokana na miongozo na ushahidi, na unaweza kusomwa tawi kwa tawi. Programu haijifunzi yenyewe kazini. Mtoto mwenye majibu yaleyale atapata pendekezo lilelile, iwe asubuhi au jioni, iwe Mbeya mjini au kijijini.

Ila programu peke yake haitoshi, kwa sababu inajua kile tu inachoambiwa. Kwa hiyo watafiti waliiongezea vipimo vichache vinavyofanyika palepale zahanati. Cha kwanza ni kifaa kidogo kinachobana kidole na kusoma kiasi cha oksijeni kwenye damu kwa kutumia mwanga. Cha pili ni kipimo cha wingi wa damu, ili kumtambua mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu. Cha tatu ni kipimo cha protini iitwayo CRP, ambayo hupanda sana mwili unapopambana na uambukizo mkali, hasa wa bakteria. Tone moja la damu linatosha, na jibu linapatikana kwa dakika chache.

Majaribio ya Dar es Salaam

Programu ya awali, ALMANACH, ilijengwa juu ya IMCI kwa kuzingatia kile kilichojulikana kuhusu homa za watoto wa Tanzania. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto waliotibiwa kwa programu hiyo, asilimia 15 walipewa antibayotiki, wakati katika huduma ya kawaida ilikuwa asilimia 84. Siku ya saba, asilimia 97 ya watoto wa kundi la programu walikuwa wamepona, wakilinganishwa na asilimia 92 ya wale wa huduma ya kawaida.

Hatua iliyofuata ilikuwa programu iitwayo ePOCT, iliyoongeza vipimo vya damu na oksijeni. Kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, watoto 3,192 wenye homa, wa umri wa miezi 2 hadi 59, waligawanywa kwa kura katika kliniki 9 za Dar es Salaam. Nusu walitibiwa kwa ePOCT na nusu kwa ALMANACH. Watafiti walihesabu watoto ambao hadi siku ya saba matibabu yao yalikuwa yameshindikana, kwa mfano mtoto aliyezidiwa au ambaye bado alikuwa mgonjwa. Walikuwa asilimia 2.3 upande wa ePOCT na asilimia 4.1 upande wa ALMANACH. Antibayotiki zilitolewa kwa asilimia 11.5 ya watoto wa ePOCT na asilimia 29.7 ya watoto wa ALMANACH. Katika kundi la pembeni lililotibiwa kwa mazoea ya kawaida, ambalo halikuingizwa kwenye kura, karibu asilimia 95 walipewa antibayotiki.

Kwa maneno mengine, watoto wachache zaidi walipewa dawa na wachache zaidi walibaki wagonjwa. Hata hivyo jaribio hilo lilifanyika katika mazingira yenye uangalizi wa karibu wa watafiti. Swali la wakosoaji lilikuwa la haki: je, kifaa hiki kitafanya kazi katika zahanati ya kawaida, yenye tabibu wa kawaida na foleni ya kawaida?

Vituo 40 vya Mbeya na Morogoro

Jibu lilitafutwa na mradi uitwao DYNAMIC, ulioshirikisha Taasisi ya Afya Ifakara, kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, pamoja na taasisi za Uswisi. Programu iliboreshwa na kupewa jina la ePOCT+, na ikapanuliwa ili ihudumie watoto wote wa chini ya miaka 15. Safari hii kura ilipigwa kwa kituo kizima badala ya mtoto mmoja mmoja. Vituo 20 vya huduma ya msingi vilipewa vishikwambi, vipimo na ushauri wa karibu kwa watumishi, na vingine 20 vikaendelea na utaratibu wao.

Kwa miezi 11 kuanzia Desemba 2021, yalirekodiwa matibabu 23,593 katika vituo vya ePOCT+ na 20,713 katika vituo vya kawaida. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature Medicine. Antibayotiki zilitolewa katika asilimia 23.2 ya matibabu kwenye vituo vyenye ePOCT+, na asilimia 70.1 kwenye vituo vya kawaida. Kati ya kila watoto 100 wagonjwa, karibu 47 waliepushwa na dawa wasiyoihitaji.

Je, watoto walilipia punguzo hilo kwa afya zao? Watafiti waliwafuatilia siku ya saba. Waliokuwa hawajapata nafuu walikuwa kama 4 kati ya 100 pande zote mbili. Hapakuwa na tofauti katika vifo wala katika kulazwa hospitali bila rufaa. Hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika utafiti huu, kwa sababu kupunguza dawa ni rahisi. Mtu anaweza kufunga stoo. Kazi ni kupunguza dawa bila kumwacha nyuma mtoto anayezihitaji.

Mradi huohuo uliendeshwa pia magharibi mwa Rwanda, katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke.

Tunapaswa pia kusema utafiti huu hauthibitishi nini. Vituo vilipewa mambo kadhaa kwa pamoja: programu, vipimo, mafunzo, na watu wa kuwafuatilia na kuwaonyesha takwimu zao. Hauwezi kuonyesha ni kipi kati ya hivyo kilichofanya kazi kubwa zaidi. Anayenunua vishikwambi na kuacha mengine hana ushahidi kwamba atapata matokeo hayo. Aidha, matabibu hawakutumia programu kwa kila mtoto. Siku yenye foleni kubwa, au kishikwambi kinapogoma, walirudi kwenye mazoea yao.

Tabibu anaogopa nini?

Ni rahisi kumlaumu tabibu anayeandika antibayotiki kwa watoto 70 kati ya 100, lakini tujiweke kwenye kiti chake. Akimpa dawa mtoto asiyeihitaji, hakuna atakayemuuliza. Asipompa na mtoto akazidiwa usiku, atakumbukwa kijiji kizima. Mama naye ameacha shamba au biashara, amelipa nauli, na anahisi kuondoka mikono mitupu ni kama kutohudumiwa. Kati ya lawama na chupa ya dawa, chupa ndiyo nafuu.

Hapo ndipo kifaa hiki kinapofanya kazi ambayo kitabu hakikuiweza. Kinampa tabibu cha kuegemea. Anaweza kumwonyesha mama namba ya oksijeni na jibu la CRP na kumwambia: "Tumempima. Kifua kiko salama. Mpe maji, mnyonyeshe, na akionyesha moja ya dalili hizi mrudishe mara moja." Pia anajua kwamba uamuzi wake umefuata mwongozo, si kubahatisha.

Bado uamuzi wa mwisho ni wake. Kishikwambi hakioni jicho la mtoto lililolegea, wala hakijui kwamba mama huyu anaishi ng'ambo ya mto unaofurika na hataweza kurudi kesho. Ndiyo maana programu nzuri inamruhusu tabibu kukataa pendekezo lake.

Pale kifaa kinapokosea

Vifaa vya kidijitali hukosea pia. Mifano miwili inafaa kukumbukwa.

Wa kwanza unahusu kile kifaa cha kubana kidole. Kinapitisha mwanga kwenye ngozi, na rangi ya ngozi inaweza kuathiri usomaji. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulilinganisha namba za kifaa hicho na kipimo halisi cha damu. Uligundua kwamba kwa wagonjwa weusi, kifaa kilikosa kuonyesha upungufu wa oksijeni mara karibu 3 zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Jambo hili ni zito kwetu. Kifaa bado kina manufaa makubwa, kwani bila hicho tabibu hana namba kabisa, lakini namba iliyo juu kidogo ya mpaka isimfumbe macho kwa mtoto anayepumua kwa shida.

Mfano wa pili unahusu hali hatari inayotokana na uambukizo, iitwayo sepsisi, ambayo huua haraka. Mamia ya hospitali za Marekani zilikuwa zikitumia mfumo wa kompyuta unaotoa tahadhari mapema. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambao hawakuutengeneza, waliupima kwa wagonjwa wao zaidi ya 27,000. Mfumo ulishindwa kuwatambua asilimia 67 ya waliopata sepsisi, huku ukipiga kengele kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa. Kengele inayolia ovyo huzoeleka, na ikizoeleka haisikiki tena.

Funzo la mifano yote miwili ni lilelile: kifaa kipimwe na watu wasiokitengeneza, kwa wagonjwa wa mahali kitakapotumika. Kifaa kilichofanya vizuri Ulaya au Marekani bado ni mgeni Kisarawe au Kakamega mpaka kijaribiwe huko.

Akili mnemba inaingia chumbani

Mti wa maamuzi sasa una mwenzake. Mifumo ya akili mnemba inayoandika kama binadamu imeanza kuingia kliniki. Mwaka 2025 zilitolewa taarifa za utafiti kutoka Nairobi, uliofanywa na mtandao wa kliniki wa Penda Health pamoja na kampuni ya OpenAI iliyotengeneza mfumo uliotumika. Ulihusu matibabu 39,849 katika kliniki 15. Mfumo ulisoma kile tabibu alichokuwa akiandika na kumwonyesha rangi: kijani kama hakuna tatizo, manjano kama kuna la kuangalia, nyekundu kama lazima asimame na kusoma onyo. Madaktari waliopitia kumbukumbu hizo waliripoti kwamba matabibu waliokuwa na msaada huo walifanya makosa ya utambuzi pungufu kwa asilimia 16 na makosa ya matibabu pungufu kwa asilimia 13.

Hata hivyo, wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitisha kwamba mfumo ndio ulioileta. Makosa machache kwenye karatasi ni jambo jema, lakini si sawa na wagonjwa wengi zaidi kupona. Kuna tofauti nyingine pia. Mti wa maamuzi unaweza kufuatwa tawi kwa tawi hadi lilipo kosa. Mfumo wa lugha haufunguki hivyo, na unaweza kutoa jibu lisilo sahihi kwa sauti ya kujiamini.

Umeme, bei na siri ya mgonjwa

Mwaka 2019 WHO ilitoa mapendekezo kuhusu matumizi ya teknolojia ya kidijitali katika afya. Iliunga mkono programu za kumsaidia mhudumu kuamua, kwa sharti kwamba kazi anayoelekezwa iwe ndani ya mamlaka na mafunzo yake. Lakini kutoka kwenye pendekezo hadi kwenye zahanati kuna mambo matatu.

La kwanza ni uendeshaji. Kishikwambi kinahitaji chaji, na zahanati nyingi hutegemea sola au umeme unaokatika. Programu inapaswa kufanya kazi hata bila intaneti na kutuma kumbukumbu mtandao ukirudi. Miongozo ya tiba nayo hubadilika. Mti wa maamuzi usiosasishwa utatoa kwa uhakika ushauri uliopitwa na wakati.

La pili ni gharama. Vipimo vya CRP huisha, na lazima vinunuliwe kila mwezi. Mfadhili akiondoka, je, halmashauri au bima itavilipia? Vipimo vikikosekana, programu inabaki ikiuliza maswali yasiyo na majibu.

La tatu ni siri. Kila mtoto anayeingizwa kwenye programu anaacha jina, umri, mahali na ugonjwa wake. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Taarifa za afya ni nyeti, na mwenye nazo ana haki ya kujua zinakwenda wapi na kwa kazi gani.

Mzazi aulize nini?

Kama tabibu wako anatumia kishikwambi, usidhani hajui kazi yake. Kufuata hatua moja moja ni dalili ya umakini. Mpe majibu ya kweli na kamili: homa ilianza lini, mtoto ametapika mara ngapi, na ni dawa gani ulishampa nyumbani. Kifaa kinategemea maneno yako.

Ukiambiwa mtoto hahitaji antibayotiki, uliza maswali matatu. Umemwona na ugonjwa gani? Nimfanyie nini nyumbani? Na ni dalili zipi zikitokea nimrudishe bila kusubiri? Kumbuka zile dalili za hatari: kushindwa kunyonya au kunywa, kutapika kila kitu, degedege, kulegea au kupoteza fahamu. Kupumua kwa haraka au kwa shida pia ni sababu ya kurudi mara moja, hata kama jana uliambiwa kifua kiko salama. Na usipitie duka la dawa kununua amoksilini ambayo tabibu hakuiandika, kwa sababu utakuwa umefuta kazi yote iliyofanyika ndani ya chumba kile.

Ukipewa antibayotiki, itumie kama ulivyoelekezwa, na usimgawie mtoto mwingine kiasi kilichobaki.

Utafiti wa Dar es Salaam, Mbeya na Morogoro umeonyesha kwamba inawezekana kumrudisha nyumbani mtoto mwenye homa bila chupa ya antibayotiki na bila kumhatarisha, mradi awe amechunguzwa na kupimwa. Kazi iliyobaki ni ya serikali, halmashauri na wafadhili: kuhakikisha kwamba kishikwambi kina chaji, vipimo vipo kwenye rafu, na tabibu ana dakika za kutosha za kuhesabu pumzi za mtoto aliye mbele yake.